Sanamu ya Askari na Jina la Kariakoo: Kumbukumbu Mbili za Vita Vikuu vya Kwanza

Utangulizi

Taifa linalojenga utamaduni wake halina budi kuvipima vitu vinavyodai kulikumbusha mambo yaliyopita. Kitabu hupimwa, utenzi hupimwa, ngoma hupimwa. Lakini sanamu na majina ya mahali aghalabu tunayapita kila siku bila kuyauliza lolote. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kumbukumbu mbili za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa kuanzia 1914 hadi 1918, ambazo zote zimo katika jiji la Dar es Salaam. Ya kwanza ni Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 wakati wa utawala wa Waingereza. Ya pili si ya shaba wala ya jiwe. Ni jina tu, jina la Kariakoo.

Hoja yetu ni kwamba sanamu ile, pamoja na uzuri wake, inaficha tabia halisi ya vita vile, hali jina, ambalo hakuna aliyekusudia liwe kumbukumbu, linaifichua. Jambo hili si dogo. Mwalimu anayevifundisha vita hivi kwa kufuata sanamu atafundisha ushujaa. Mwalimu anayevifundisha kwa kufuata jina atafundisha chanzo, gharama na nani aliyeilipa. Lakini haiwezekani kuhakiki masimulizi ya vita bila kuvijua vita vyenyewe. Kwa hiyo yatupasa kwanza tueleze vilivyoanza na vilivyokwenda huko Ulaya vilikozaliwa, ndipo tuirudie shaba na jina.

Chanzo cha vita

Mwanafunzi akiulizwa chanzo cha vita hivi, hujibu upesi kwamba ni risasi ya Sarajevo. Ni kweli kwamba tarehe 28 Juni 1914 kijana Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, akamwua pamoja na mkewe. Lakini risasi ile ilikuwa njiti ya kiberiti. Njiti haiunguzi nyumba isiyokuwa na makuti makavu. Na makuti ya Ulaya yalikuwa yamekaushwa kwa muda wa miaka arobaini.

Jambo la kwanza lilikuwa viwanda. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871, na katika kizazi kimoja tu viwanda vyake vikavipita vya Uingereza, nchi iliyokuwa imetangulia kuliko zote. Kufikia 1913 Ujerumani ilikuwa ikifua chuma cha pua tani zipatazo milioni 17 kwa mwaka, na Uingereza haikufikisha tani milioni 8. Kiwanda hutaka malighafi, na bidhaa zake hutaka soko. Katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa hayo yaliweka kanuni za kuinyakua Afrika; na yalipokwisha kuigawana yakaanza kuoneana kijicho juu ya mafungu yaliyobaki. Ufaransa na Ujerumani zilikaribia kupigana kwa ajili ya Moroko mwaka 1905, na tena mwaka 1911.

Jambo la pili lilikuwa silaha. Mwaka 1906 Uingereza ilizindua manowari iliyoitwa Dreadnought, yenye mizinga mikubwa iliyozifanya manowari zote za zamani kuwa kama mitumbwi. Ujerumani nayo ikaunda za namna hiyo, na mashindano yakapamba moto. Jambo la tatu lilikuwa mapatano ya kusaidiana. Ujerumani na Austria-Hungaria zilifungamana mwaka 1879, na Italia ikaingia mwaka 1882. Ufaransa na Urusi zikafungamana mwaka 1894; Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Hivyo ugomvi wa wawili ulikuwa umekwisha kuandaliwa kuwa ugomvi wa wote.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kusema kwamba kila kitu kilitokana na soko na makoloni. Austria-Hungaria na Serbia hazikugombea koloni la Afrika. Ugomvi wao ulihusu mataifa madogo ya Balkani yaliyotaka kujitawala, na dola kuukuu iliyohofia kuvunjika. Mtu anayetaja ubepari peke yake bila kuutaja utaifa wa Balkani anapunguza ukweli, sawasawa na yule anayetaja risasi peke yake. Vilivyofanya ugomvi huo wa pembeni uwe vita vya dunia ni viwanda, silaha na mapatano tuliyokwisha kuyaeleza.

Na kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho vitabu vyetu vya shule hukipita haraka: ratiba ya treni. Majenerali wa Ujerumani walijua kwamba wangepigana na Ufaransa upande mmoja na Urusi upande mwingine. Wakapanga kuishinda Ufaransa kwanza, kwa kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijamaliza kukusanya majeshi yake. Mpango huo ulitegemea maelfu ya treni zilizopangiwa saa na njia. Amri ya kukusanya jeshi ikitolewa, kuchelewa siku moja kulikuwa sawa na kushindwa. Ndiyo maana mambo yalikwenda mbio: tarehe 28 Julai Austria-Hungaria ikatangaza vita juu ya Serbia, tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza juu ya Urusi, tarehe 3 juu ya Ufaransa, na tarehe 4, Ubelgiji ilipovamiwa, Uingereza ikaingia. Katika juma moja mashine iliwashinda nguvu waliodhani wanaiendesha.

Mwendo wa vita huko Ulaya

Wengi walidhani vita vingekwisha kabla ya Krismasi. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walizuiwa kwenye mto Marne, na majeshi yakajichimbia mahandaki toka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Kuanzia hapo ushujaa wa mtu mmoja mmoja ulipungua thamani. Bombomu moja iliweza kukifyeka kikosi kizima kilichotoka handakini. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, jeshi la Uingereza peke yake lilipoteza watu wapatao 57,000, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Huko Verdun Wafaransa na Wajerumani walisagana tangu Februari hadi Desemba mwaka huohuo, na mpaka wa mapigano karibu haukusogea.

Vita vile vilikuwa vya viwanda katika kila kiungo chake. Mwezi Aprili 1915, karibu na Ypres, Wajerumani walifungulia hewa ya sumu ya klorini, zao la viwanda vya kemikali. Meli za Uingereza zilipowazuia kupata chumvichumvi za Chile za kutengenezea baruti, wanakemia wao walizitengeneza kwa naitrojeni ya hewani. Mwezi Septemba 1916 Waingereza walileta vifaru. Wanawake wakaingia kwa wingi katika viwanda vya mizinga. Nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za chakula, na kwa sababu hiyo Marekani nayo ikaingia vitani mwezi Aprili 1917. Urusi, iliyochoka kuliko wenzake, ilipata mapinduzi mawili mwaka huohuo, ikajitoa. Mwishowe Ujerumani iliishiwa na watu, chakula na vifaa, na tarehe 11 Novemba 1918 mapigano yakasimamishwa. Wanajeshi wapatao milioni tisa hadi kumi walikuwa wamekufa.

Msomaji akumbuke jambo moja katika haya yote: nyuma ya kila handaki kulikuwa na reli. Mzinga ulitoka kiwandani, ukapakiwa kwenye treni, ukashushwa kilometa chache tu kutoka mahali pa kupigania. Bila reli vita vya namna ile visingaliwezekana hata mwezi mmoja. Sasa tuulize: vita hivyohivyo vilipoletwa mahali pasipo na reli, nini kilishika mahali pa treni?

Vita vilipofika kwetu

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu makoloni ya Afrika ya kati na mashariki yasiingizwe katika vita vya wakubwa wao. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alipendelea jambo hilo. Halikudumu. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Na kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na shauri lake la kuwavuta maadui wengi iwezekanavyo waje Afrika ili wasiende Ulaya. Yaani nchi yetu haikupiganiwa kwa ajili yake yenyewe; ilifanywa chambo. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 lilishushwa Tanga, likafukuzwa na jeshi dogo la watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Mwaka 1916 jeshi kubwa chini ya Jan Smuts liliingia kutoka kaskazini. Dar es Salaam ikatekwa mwezi Septemba, na mwezi huohuo majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yakaiteka Tabora. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, na hatimaye akaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza.

Nchi yenye ukubwa huu ilikuwa na reli mbili tu za maana: ile ya Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Nje ya reli hizo hapakuwa na barabara za kustahimili masika. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Tuchukue hesabu rahisi, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Mpagazi abebe kilo 25 za unga, na ale kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atakuwa amekula kilo 20 za mzigo wake, na atakuwa amefikisha kilo tano tu. Askari elfu moja, wakila kilo moja kila mmoja kwa siku, watahitaji kilo 30,000 kwa mwezi. Basi safari 6,000 za wapagazi zitahitajika kuwalisha, na hapo hatujataja risasi, mahema, dawa wala mizigo ya maofisa. Na wapagazi wenyewe, wakipunguziwa posho ili mzigo ufike, watakufa njiani. Hesabu ya mfano huu ndiyo sheria iliyovitawala vita vya Afrika Mashariki, wala hakuna jenerali aliyeweza kuikwepa.

Kwa hiyo watu walitafutwa kila upande. Katika koloni la Kenya sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote. Upande wa Waingereza peke yao, wapagazi walioandikishwa katika makoloni mbalimbali wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuandikwa kwa ukamilifu, na kwa hiyo vifo vyao havijulikani. Vijijini nako majeshi yote yalichukua nafaka na mifugo. Huko Ugogo ilifuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa, yaani mtu mmoja katika kila watano. Kisha homa ya mafua ya 1918 ikawakuta waliosalia wakiwa mifupa mitupu.

Sanamu

Tukiisha kujua hayo, na tuitazame shaba. Sanamu ya Askari ni kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson. Askari amesimama juu ya msingi mrefu, amevaa sare ya vita, bunduki yake mikononi, singe mbele, mwili umeinama kidogo kama wa mtu anayesonga kumkabili adui. Kama kazi ya sanaa hatuwezi kuibeza. Uso ni wa Mwafrika wa kweli, si wa kuchekesha. Misuli ina uhai. Mwendo unaonekana ingawa shaba haitembei. Katika zama ambapo wakoloni walimchora Mwafrika kama mtoto au mtumishi, hapa anaonekana mtu kamili mwenye heshima yake. Sifa hiyo tunaitoa bila kusita.

Tena yafaa kuilinganisha na iliyotangulia. Wajerumani walikuwa wamemsimamishia gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, sanamu katika mji huohuo. Wissmann alisimama juu kabisa. Chini yake askari Mwafrika alimtazama kwa unyenyekevu, huku akimfunika simba kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji. Hatimaye ilisimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Ukizilinganisha sanamu hizi mbili utasema kuna maendeleo: yule aliyekuwa chini amepanda juu.

Lakini swali la mhakiki ni hili: aliyepanda juu ameacha nani chini? Kwenye msingi yapo maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, na ya hati ya Kiarabu. Maneno yenyewe yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa dola ya Kiingereza, ambaye mwanawe wa pekee aliuawa Loos mwaka 1915. Maandishi hayo yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mwenye kuipigania nchi yake atakumbukwa jina lake na wanawe hata akifa.

Ahadi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, nchi ipi? Mnyamwezi aliyechukuliwa na Mjerumani, na Mkamba aliyechukuliwa na Mwingereza, walikutana kwenye pori moja wakibeba mizigo ya kuwawezesha wageni wawili kuuana. Hakuna aliyekuwa akiipigania nchi yake. Baada ya vita wageni waligawana tena: Tanganyika ikapewa Mwingereza, Rwanda na Burundi zikapewa Mbelgiji. Pili, jina lipi? Hakuna jina hata moja la mpagazi lililoandikwa pale. Tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo wala kabila. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa taarifa iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo maandishi yale ya msingi yaliahidi kitu ambacho wenye kuyaandika hawakukitimiza.

Na hata ule msemo wa miguu na mikono una siri yake. Miguu na mikono ni ya nani? Ni ya mwili ambao kichwa chake ni mwingine. Mpagazi anasifiwa kwa kuwa kiungo, hasifiwi kwa kuwa mtu. Huko Nairobi, katika sanamu ya miaka hiyohiyo, mpagazi angalau amesimama sambamba na askari. Dar es Salaam, mji uliokuwa kituo kikubwa cha wapagazi, amebaki kwenye msingi, chini ya buti za mwenye bunduki. Ngazi ya Wissmann haikuvunjwa. Walibadilishwa tu waliosimama kwenye vipandio vyake.

Hapa ndipo sanamu inapopotosha historia. Inamwonyesha mtazamaji kwamba vita vile vilikuwa vya mtu jasiri na singe yake. Hata Ulaya havikuwa hivyo, kama tulivyoonyesha, sembuse kwetu. Vilikuwa vita vya uzito na umbali, vya kilo na kilometa. Asiyemwona mpagazi hawezi kuelewa kwa nini jeshi la Smuts lilikwama, kwa nini Ugogo ilikufa njaa, wala kwa nini waliokufa kwa magonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Jina

Kutoka kwenye sanamu mpaka Kariakoo ni mwendo mfupi kwa miguu. Waingereza walipouteka mji waliweka huko kambi ya wapagazi. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo, ukalipa irabu zake, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna soko lenye jina la asili hiyohiyo. Kambi ilikwisha, mahali pakawa soko, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo kubwa la soko lililobuniwa na msanifu wetu, Beda Amuli.

Jina hili halikuzinduliwa na gavana, wala halikugharimu hata senti moja. Lilitungwa na watu wenyewe, waliokuwa wakiambizana: yupo wapi fulani? Amekwenda Kariakoo. Na wengi waliokwenda hawakurudi. Ni kumbukumbu isiyosifu wala kulaani. Yataja kazi tu, kazi ya kubeba. Lakini kwa kutaja kazi inatupa ufunguo wa vita vyote. Na si ajabu kwamba mpaka leo Kariakoo ni mahali pa mizigo, ambapo vijana hubeba magunia vichwani na mabegani na kusukuma mikokoteni, wakiwapigia watu kelele wawapishe.

Hata hivyo kumbukumbu hii nayo ina udhaifu wake. Jina lisipofafanuliwa hufa likiwa midomoni. Mnunuzi wa vitenge hafikirii maiti za Ruvuma, wala hatumlaumu. Sanamu husema uongo nusu kwa sauti kubwa. Jina husema kweli kwa kunong'ona. Kazi ya mwalimu ni kukipaza kile kinachonong'onwa.

Methali, ngoma na riwaya

Katika kuvieleza vita hivi watu wetu hupenda kutumia methali isemayo kwamba wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni nzuri, lakini kwa jambo hili haitoshi. Nyasi huumia kwa sababu zimo njiani. Hazimbebi fahali, hazimlishi akiwa vitani, wala hazipangwi mstari kwa kamba. Mpagazi hakuumia kwa bahati mbaya ya kuwapo karibu. Aliingizwa ndani ya mashine, akawa sehemu yake, na bila yeye mafahali wasingaliweza kupigana. Methali iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mwenye kuamuru hakuwahi kuupima uzito kwa shingo yake.

Ngoma ya beni ilikwenda mbali kuliko methali. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoanzia pwani vilienezwa na vita hadi bara, vikibebwa na askari na wapagazi. Wachezaji walivaa kama wanajeshi, wakapanga gwaride, wakajipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Wako wanaoiona beni kuwa ni kuiga wakoloni tu. Sisi tunaona kwamba ilikuwa pia njia ya kuichukua sare iliyowatawala na kuigeuza mali yao: mtu aliyeamriwa jana, leo katika ngoma anaamuru yeye. Kwa upande wa riwaya, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ameishughulikia sana zama hiyo. Kitabu chake Paradise cha 1994, ambacho sasa kinasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kinaishia kwa kijana kukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani vita vinapokaribia. Hakuna bendera inayomwita wala nchi anayoipigania. Kuna unyonge anaoukimbia. Kwa tendo hilo moja mwandishi amejibu swali ambalo sanamu haikuliuliza: mtu kama huyu aliingiaje katika sare?

Hitimisho

Hatusemi kwamba Sanamu ya Askari ivunjwe. Askari wale walikuwa watu wetu, waliteseka, na wengi wao hawakuwa na hiari kubwa kuliko wapagazi. Tena sanamu ni ushahidi: yatuonyesha jinsi mtawala alivyotaka tukumbuke. Tunachosema ni kwamba isiachwe iseme peke yake.

Mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili na washirikiane katika somo hili. Wanafunzi na wapige hesabu ya kilo 25. Wasome tarehe za Julai na Agosti 1914, kisha waulize kwa nini ratiba ya treni ya Berlin ilimgusa mkulima wa Mpwapwa. Waende kwa wazee wa vijiji vyao waulize kama bado yako majina ya njaa, ya njia au ya makambi yaliyotokana na vita vile, wayaandike. Tumekwisha kuchelewa kuwauliza wapagazi wenyewe, maana hakuna aliyesalia. Lakini wajukuu wapo, na majina ya mahali yapo. Mtunya ni jina. Kariakoo ni jina. Kwa kuwa majina ya watu wenyewe hayakuandikwa kwenye jiwe, majina haya ya mahali na ya njaa ndiyo makaburi yao, na aliye hai ndiye mwenye wajibu wa kuyasoma.